Mji unaita wafanyabiashara, lakini fomu ina visanduku viwili tu

Kutoka: Mama Furaha, Ghuba ya Chaleur

Ndugu zangu wa orodha hii, hapa New Brunswick, jimbo la Kanada lenye lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiingereza, salamu kwenu nyote.

Maombi yangu ya mkopo wa kufungua duka yamerudishwa kwa mara ya pili, nami naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupita njia hii. Wanaonifahamu wanakumbuka kwamba niliingia kwa AIP, programu ya kuleta wafanyakazi wahamiaji katika majimbo ya Atlantiki, ilipokuwa bado ya majaribio, nikafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na PR yangu, yaani ukaazi wa kudumu, ninayo tangu miaka mitatu iliyopita. Mji wetu mdogo umekuwa ukiita wafanyabiashara: kwenye nguzo za taa za barabara ya gatini wametundika mabango, upande mmoja Kifaransa na upande wa pili Kiingereza, yanayosema kwamba fremu zipo na kila mwenye wazo anakaribishwa. Nimepata fremu iliyokuwa ikiuza vifaa vya uvuvi. Dirisha lake linatazama gati, sakafu ni ya mbao, na nyuma kuna chumba chenye sinki mbili. Nakusudia kuuza unga wa muhogo, dagaa, mawese na maharage, na wakati wa mchana kupika sahani chache kwa ajili ya watu wa maofisini.

Ofisi moja inayokopesha wafanyabiashara wadogo imenirudishia mpango wangu wa biashara, ikisema kwamba sehemu ya soko haijakamilika. Sehemu hiyo ina visanduku viwili: asilimia ya wateja wa Kifaransa na asilimia ya wateja wa Kiingereza, na jumla yake lazima iwe 100. Mara ya kwanza niliandika 60 na 40, wakauliza nimezitoa wapi. Basi nikakaa siku tatu kwenye benchi mbele ya fremu, daftari mkononi, nikihesabu wapita njia na kusikiliza wanavyosalimiana. Wengi walianza sentensi kwa Kifaransa wakaimalizia kwa Kiingereza, na mzee mmoja aliniuliza saa kwa lugha moja akanishukuru kwa nyingine. Nikaviacha visanduku wazi, nikayaeleza hayo yote katika barua ya ukurasa mmoja. Wamerudisha tena, na muhuri juu.

Swali langu ni moja: aliyewahi kujaza sehemu hiyo aliandika nini, na ni ushahidi gani uliokubaliwa?

Kutoka: Baba Amani, Moncton

Dada Mama Furaha, pole sana kwa usumbufu.

Kabla hujafika kwenye visanduku, hakikisha kwanza hadhi yako, kwa sababu mtu mwenye kibali cha kazi kilichofungwa kwa mwajiri mmoja haruhusiwi kufungua biashara. Mimi nilipotaka kufungua kinyozi hapa Moncton nilipoteza miezi saba kwa jambo hilo, na kodi ya pango nililipa miezi yote saba ilhali viti viko ndani ya maboksi. Jambo la pili, jiandikishe HST, kodi ya mauzo, siku hiyo hiyo unayosajili jina, maana chakula kinatozwa asilimia 15, na CRA, mamlaka ya kodi, wakija kukukuta hukukusanya watakudai wewe. Mengine yatafuata.

Kutoka: Mama Upendo, Dieppe

Baba Amani, tusome barua za wenzetu mpaka mwisho kabla ya kujibu. Mama Furaha amesema ana PR. Hata asingekuwa nayo, ulivyoeleza sivyo ilivyo: mwenye kibali kilichofungwa anaweza kumiliki hisa katika biashara, ila haruhusiwi kumfanyia kazi mtu mwingine asiyetajwa kwenye kibali, na biashara yake mwenyewe imo katika hao wengine. Tofauti hiyo ni kubwa, na kuna watu katika orodha hii wameacha mipango mizuri kwa sababu ya maelezo ya mkato.

HST nayo si hivyo. Unga, maharage, dagaa na mafuta ya kupikia ni vyakula vya msingi, navyo hutozwa asilimia sifuri. Sahani iliyopikwa ndiyo inayotozwa 15. Kujiandikisha si lazima mpaka mauzo yako yanayohesabika, ikiwa ni pamoja na hayo ya asilimia sifuri, yapite dola 30,000 katika robo nne za mwaka zinazofuatana, ingawa mimi ningekushauri ujiandikishe mapema ili urudishiwe kodi uliyolipa kwenye majokofu na jiko. Na kama unaagiza dagaa wewe mwenyewe kutoka nyumbani, utahitaji leseni ya uagizaji chini ya kanuni za chakula zilizoanza Januari 2019. Ukinunua kwa muagizaji wa Montreal, mzigo huo ni wake.

Kuhusu lugha, napenda tuelewane. Sheria ya lugha rasmi ya jimbo letu ya mwaka 1969, hata baada ya kuandikwa upya mwaka 2002, inaibana serikali, na inazibana halmashauri za miji ambamo wenye lugha rasmi ya wachache wanafikia asilimia 20. Duka la mtu binafsi haliguswi. Hapa Dieppe tuna sheria ndogo ya mwaka 2010 inayotaka mabango mapya ya nje ya biashara yawe na lugha zote mbili, lakini hiyo ni ya Dieppe. Nilipofungua saluni nilinung'unika kulipia herufi mara mbili. Juma la pili akaingia bibi mmoja wa Kiakadia, yaani wa jamii ya hapa inayozungumza Kifaransa, akaniambia kwamba alikuwa amepita mlango ule kwa miaka mingi na hajawahi kuingia, kwa kuwa bango la aliyenitangulia lilikuwa la Kiingereza pekee. Anakuja mpaka leo, kila Alhamisi, na sasa huja na binti zake.

Kutoka: Mzee wa Kalundu, Bathurst

Wanangu, nimesoma kwa makini, na ninaomba mnivumilie kwa sababu jambo hili linaniuma.

Ukitaka kujua kwa nini fremu za gatini ziko tupu katika miji hii ya kaskazini, usianzie kwenye fomu. Hapa Bathurst kiwanda cha karatasi kilifungwa mwaka 2005. Mgodi wa zinki na risasi wa Brunswick, ulioanza mwaka 1964 na kulisha familia za eneo lote hili, ulifungwa mwaka 2013. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba kiwanda cha kuyeyushia madini cha Belledune nacho kinafungwa, na watu wapatao 420 wakapoteza kazi. Hayo matatu yametokea ndani ya miaka 15. Vijana walikwenda Moncton na Alberta, na waliobaki ni wazee ambao Mama Furaha amekuwa akiwaogesha na kuwalisha.

Wakati wa waziri mkuu wa jimbo Frank McKenna, kati ya 1987 na 1997, jimbo hili liliwaita wenye makampuni kwa neno moja: watu wetu wanazungumza lugha mbili. Vituo vya kupokea simu vikaja kwa sababu hiyo, na mimi mwenyewe nilipofika nilivaa vile visikilizio kwa miaka minne, nikimjibu mteja wa Trois-Rivières na baada ya dakika moja mteja wa Winnipeg. Nasema kwa shukrani, kwa kuwa mshahara ule ulisomesha watoto wangu. Lakini nilijifunza kwamba kampuni inayokuja kwa sababu ya simu huondoka simu inapohamia kwingine, kwa sababu haina dirisha linalotazama gati letu. Mwenye duka akishanunua jokofu na kumfahamu mteja kwa jina, hana pa kukimbilia, naye ndiye tunayemhitaji.

Kwa hiyo naona ni kosa kubwa kumwuliza mama huyu wateja wake ni wa lugha ipi. Ana Kifaransa alichosomea Uvira, ana Kiingereza alichojifunza kazini, ana Kiswahili cha nyumbani. Mji unaolipia mabango ya kuwaita wageni walio mbali unaye tayari mtu anayeweza kumhudumia kila mpita njia, naye amekwama kwenye asilimia. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ilitaka kubadilisha masomo ya Kifaransa shuleni, wazazi wengi wakapinga, na mpango ukaachwa. Wazazi wale walielewa kwamba lugha ya pili ni riziki ya mtoto. Ningependa ofisi za mikopo zielewe vivyo hivyo kuhusu mtu mzima.

Kutoka: Baba Amani, Moncton

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma mara mbili.

Mama Upendo, nimekubali kuhusu HST, lakini kuhusu kibali nilisema yaliyonipata, na afisa aliyenihudumia hakunieleza habari za hisa hata kidogo. Sikuwa na nia ya kumpotosha mtu.

Mzee amenikumbusha kwetu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Marehemu babu alikuwa akituonyesha mahali ambapo majahazi yalikuwa yakitia nanga, nasi watoto tulikuwa tunaona majani na mchanga tu. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bandari ikawa Kigoma, na biashara ikahama kilomita chache tu kufuata reli na meli, ikaiacha Ujiji na miembe yake. Lakini Ujiji haikufa, kwa sababu wenye vibanda vya dagaa, mafundi wa mitumbwi na mama wauza mawese walibaki, na walikuwa wanazungumza na kila aliyevuka ziwa, awe wa Kalemie au wa Bujumbura, kwa lugha aliyokuja nayo. Hakuna aliyewahi kuwauliza asilimia. Nikiona picha za ziwa jioni, zile taa za karabai za wavuvi zikijipanga mbali kama mji mwingine, siwezi kulala vizuri.

Kutoka: Mama Upendo, Dieppe

Baba Amani, sikukusudia kukuudhi, na nisamehe kama maneno yangu yalikuwa makali. Ila Ujiji haina ofisi ya mikopo yenye fomu, na sisi tunayo. Mama Furaha, jaribu pia CBDC ya eneo lako, shirika linalokopesha biashara ndogo, kwa kuwa kazi yake ni biashara za maeneo ya nje ya miji mikubwa, na uulize kama wanafadhiliwa na APECA, taasisi ya serikali kuu ya kukuza uchumi, ambayo ipo tangu mwaka 1987 kwa ajili ya mikoa hii ya Atlantiki. Uliza pia mapema kuhusu kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo. Palipouzwa nyavu si lazima pawe tayari kwa jiko, na bomba la kutolea moshi peke yake linaweza kula nusu ya mkopo.

Kutoka: Mama Furaha, Ghuba ya Chaleur

Asanteni sana nyote, na Mzee wangu, barua yako nimemsomea mume wangu kwa sauti mezani.

Habari za HST na leseni nimeziandika. Kuhusu bomba la moshi, Mama Upendo umeniamsha, kwa maana sikuwa nimeliweka katika hesabu. Leo asubuhi nilirudi kwenye fremu na futi ya fundi: kutoka jiko mpaka ukuta wa nyuma ni mita nne na nusu, na mwenye nyumba anasema tundu la zamani lipo juu ya dari, limezibwa kwa ubao. CBDC nitawapigia simu Jumatatu.

Hata hivyo, visanduku viwili bado viko mbele yangu, na tarehe ya mwisho ni Ijumaa saa kumi. Kama kuna mtu katika orodha hii, wa Edmundston, Campbellton, Shediac au popote, aliyejaza sehemu hiyo na ikakubaliwa, naomba aniandikie hata mstari mmoja: uliandika namba gani, na uliambatanisha nini?