Gati la mbao linalika pale maji yanapoishia, tupake nini?

Kisiwani_UK
Wakuu habari za jioni. Nipo Ukerewe, Ziwa Victoria, tuna gati letu la mbao la kushushia samaki na abiria, nguzo za mkaratusi, juu tumepiga paina. Nguzo chini majini ngumu, juu kabisa nako poa, ila pale maji yanapoishia zimeanza kulika, ukigonga unasikia kuko wazi ndani. Mzee mmoja anasema tupake oili chafu zote. Wasiwasi wangu akina mama wanachota maji ya kunywa palepale pembeni. Naombeni ushauri.

Fundi Boriti
Mkuu oili chafu acheni kabisa, itaingia kwenye ndoo za hao akina mama na ndani ya mbao wala haizami. Kuvu wanaoozesha mti wanataka unyevu na hewa kwa pamoja, ndo maana chini majini hawaumi sana, wanashambulia hapo kwenye mstari wa maji. Na ziwa lenyewe halitulii, 2020 lilipanda mpaka likapita rekodi ya 1964, kwahiyo hata sehemu zilizokuwa kavu zamani zimeshalowa.
Chukua bisibisi uchome kila nguzo. Ikizama bila kutumia nguvu hiyo nguzo imekwisha, rangi haitaisaidia, simamisha mpya ubavuni mwake na uzifunge pamoja kwa bolti za zinki. Nunua zilizotiwa dawa kiwandani kwa presha, zile zenye ukijani. Upande uliokata kwa msumeno ukae juu, uufunike na kipande cha bati mvua isipenye. Halafu tafadhali sana, vipande vinavyobaki visiende jikoni, dawa ile mara nyingi ina aseniki na moshi wake ni sumu.

nyakato_boy
Nakubaliana na Fundi ila na chini ya maji usipaamini moja kwa moja. Ziwa letu lina mdudu anaitwa Povilla adusta, akiwa mchanga anaishi majini anatoboa mbao na kukaa humo, wakubwa wanaruka kwa wingi siku chache baada ya mwezi mpevu. Mtu apige mbizi apapase, akikuta vitundu vingi nguzo mpya zivalisheni bomba la plastiki kabla ya kuzisimika, liende mpaka kwenye tope.

Mama Dagaa
Mbao za juu mziachie nafasi ya kupitisha maji, unene wa penseli hivi, zikibanana zinashika uchafu zinaoza. Misumari ikichomoza wekeni skrubu, watoto wanapita peku. Na magugu maji yakijazana yaondoeni mapema, upepo ukiyasukuma yanaegemea nguzo zote.

Kisiwani_UK
Asanteni sana wakuu. Nimechoma na bisibisi, za mbele kule mitumbwi inapogonga imezama hadi kwenye mpini. Upande huo tunaufunga kesho asubuhi mizigo isipite, na nitawaambia vijana watafute matairi ya kukinga hizo nguzo mpya. Fundi, bolti za zinki Mwanza mjini zinapatikana maduka gani?

Fundi Boriti
Maduka ya vifaa vya ujenzi wanazo. Nenda na kipimo cha unene wa nguzo zote mbili zikiwa pamoja, na usisahau washa pana, vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya nati.