Daraja la kwanza pointi 7 za PCB: je, nina nafasi Muhimbili, au nitazame vyuo vya Marekani?

Binti wa Tabata

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu wanajukwaa wenzangu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), katika shule ya kutwa hapa Dar es Salaam, na mtihani wa taifa tunaufanya mwezi Mei. Wiki iliyopita tulirudishiwa matokeo ya mtihani wa utamilifu: Fizikia nimepata 67, Kemia 74 na Baiolojia 78, yaani C, B na B, ambazo kwa hesabu ya shuleni ni daraja la kwanza la pointi 7. Nyumbani walifurahi hata mama akachinja kuku. Furaha yangu iliisha usiku uleule, nilipofungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na kukuta kwamba Shahada ya Udaktari wa Binadamu pale Muhimbili inataka pointi 6. Nimekosa kwa pointi moja, na tangu siku hiyo napiga hesabu ileile nyuma ya kaunta buku yangu nikitumaini kwamba nilijumlisha vibaya.

Mjomba wangu ananiambia nisihangaike, kwa sababu vyuo kama Harvard, Yale na MIT humsomesha bure mwanafunzi asiye na uwezo, hivyo nisubiri matokeo ya Julai kisha nikaombe udaktari huko. Baba yangu alishafariki na mama anauza chakula Buguruni, kwa hiyo ada ya kulipa kutoka mfukoni haipo. Naomba mniambie ukweli bila kunionea huruma: nina nafasi kiasi gani hapa nyumbani, na kiasi gani huko?

Interni wa Upanga

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza futa machozi, maana hiyo pointi unayoililia haipo.

Umechanganya mizani mbili zenye jina moja. Baraza la Mitihani linapopanga madaraja, A ni 1, B ni 2 na C ni 3, kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye aliye mbele, na daraja la kwanza ni kuanzia pointi 3 hadi 9. TCU wao wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, kwa hiyo mwenye pointi nyingi ndiye aliye mbele. Kwa mizani ya TCU wewe una 11 kati ya 15, na zile 6 ulizoziona kwenye mwongozo maana yake ni D tatu, yaani D ya Fizikia, D ya Kemia na D ya Baiolojia. Kila mwaka mimi hukutana na mtu aliyekata tamaa kwa kosa hilihili, na mwingine, ambaye ni hatari zaidi, aliyejiona ameshapita kwa kosa hilohilo.

Hata hivyo, msichinje kuku wa pili. Pointi 6 ni sifa ya chini ya kuruhusiwa kuomba tu. Viti vinapokuwa vichache kuliko waombaji, wanachukuliwa wenye alama za juu kwanza, na Muhimbili ndiko wanakokimbilia wenye A mbili na A tatu kutoka nchi nzima. Kwa 11 mimi ningekuita mwombaji wa kubahatisha, lakini sikuoni ukibaki na 11. A ya kidato cha sita huanzia 80 na B huanzia 70, kwa hiyo umebakiza alama 2 kwenye Baiolojia na alama 3 kwenye Fizikia. Ukizipata hizo tano tu, unakuwa na A, B na B, yaani 13 za TCU, na hapo mazungumzo yanabadilika.

Zile tatu za Fizikia usizitafute kwenye mada mpya wakati huu. Itoe karatasi yako ya tatu, ile ya vitendo, uikague mstari kwa mstari: jedwali lisilo na vizio, grafu isiyo na kichwa, mteremko uliokokotolewa kwa nukta mbili zilizobanana pamoja. Mimi nilipoteza alama hapo mara nne mfululizo huku nikidhani kwamba tatizo langu ni umeme na sumaku.

Jambo la mwisho kwa upande wangu: usiombe chuo kimoja. Udaktari unafundishwa pia Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mbeya chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kairuki ipo hapohapo Mikocheni, lakini ni ya binafsi na ada yake si ya kuichukulia kwa mzaha. Kote ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Katika zamu yangu ya usiku tuko watatu: mimi nilisoma Muhimbili, hapa Upanga, mwenzangu Mwanza, mwingine Dodoma, na kazi ya kusubiri damu maabara tunapokezana bila kuulizana vyeti. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, utapaswa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliopangwa. Kuna watu wamechaguliwa wakalala, wakaamka dirisha limefungwa.

Baba wa Mbagala

Mwanangu, mimi naongezea jambo moja la fedha, kwa sababu ndilo lililonitesa.

Maombi ya Bodi ya Mikopo (HESLB) ni tofauti na maombi ya chuo, na yana dirisha lake. Kwa kuwa baba yako alishatangulia mbele za haki, utahitaji cheti chake cha kifo pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, na vyote huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kwa binti yangu, jina la cheti cha kuzaliwa lilitofautiana kwa herufi moja na la cheti cha kidato cha nne. Kosa lilikuwa letu wenyewe tangu alipoandikishwa darasa la kwanza, lakini ilitubidi kwenda kwa wakili kutengeneza hati ya majina, na wiki tatu zikayeyuka wakati dirisha liko wazi. Kaviangalie vyeti vyako sasa hivi, usingoje Julai. Uulizie pia Samia Skolashipu, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 inawagharamia wenye ufaulu wa juu wa masomo ya sayansi. Mkopo wenyewe utaulipa ukishaajiriwa, kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi.

Aliyerudi Kimara

Nimesoma Marekani kwa ufadhili, kwa hiyo nizungumzie la mjomba. Hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari.

Ni kweli kwamba Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth humpima mwombaji wa kigeni bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa, na wakimkubali hufidia chote ambacho familia yake haiwezi. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Mwaka 2024 Harvard ilipata maombi zaidi ya 54,000 na ikakubali watu wasiofika 2,000, wa dunia nzima. Wenye A tupu hukataliwa huko kila mwaka kwa maelfu, kwa hiyo hata ukipata pointi 15 za TCU, usihesabu chuo cha namna hiyo kama nafasi ya kutegemea.

La pili ni kwamba huko hakuna anayetoka sekondari akaingia moja kwa moja kwenye udaktari. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne, unafanya mtihani unaoitwa MCAT, halafu unaomba upya chuo cha udaktari kwa miaka minne mingine. Ule ufadhili wa kwanza haukufuati huko, na vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei kabisa wanafunzi wa kigeni. Kwa mtu ambaye lengo lake ni koti jeupe, hiyo ni njia ndefu yenye daraja lililokatika katikati.

La tatu ni kalenda. Maombi ya kuanza masomo Agosti au Septemba mwaka huu yalishafungwa mapema Januari. Wanaowahi hupeleka tarehe 1 Novemba. Kusubiri Julai ndipo uombe maana yake ni kuanza mwaka ujao. Ungehitaji pia SAT, yaani mtihani wa kuombea vyuo vya kule, ambayo MIT iliirudisha kuwa ya lazima mwaka 2022 na Harvard mwaka 2024, pamoja na insha na barua za walimu. Barua yangu ya kwanza ilisema kwamba nina nidhamu na huchomekea shati. Mwalimu alidhani ananisifia. Nilikaa naye chini ya mwembe wa shule, nikamkumbusha jinsi nilivyotengeneza mizani ya maabara kwa rula na vifuniko vya soda, naye akaiandika upya. Niliomba vyuo tisa, vinane vikanikataa.

Kama bado unakutamani, omba hapa kwanza. Fahamu tu kwamba ukishamaliza mwaka mzima chuoni hapa, vyuo vingi vya kule vitakuhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, na nafasi hizo ni chache zaidi. Masharti ya viza nayo hubadilika. Yasome kwenye tovuti ya ubalozi wao kabla hujatumia hata shilingi.

Binti wa Tabata

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimemsomea mama kuhusu zile 11, akaniuliza kama sasa anidai kuku wake.

Nimeitoa karatasi ya vitendo. Mhimili wa wima hauna kizio, na mwalimu alikuwa ameuzungushia wino mwekundu tangu siku hiyo. Mimi nilitazama alama tu nikaikunja. Jumamosi tunafunguliwa maabara saa mbili, nitairudia yote. Mjomba nimemwambia ya MCAT, amesema atafikiri.

Baba wa Mbagala, vyeti nimevilinganisha. Cha kuzaliwa kina majina matatu na cha kidato cha nne kina mawili, jina la babu halimo. Kesho mama atafunga biashara mapema twende tukaulizie.