Tupeane uzoefu: watu wa Nalubaale (Ziwa Viktoria) mliowahi kutupa mshipi baharini

Mvuvi wa Masese
Wazee kwa vijana, salaam. Machi ikielekea mwisho mvua zinashika hapa Jinja na maji ya ufukweni yanageuka tope. Majira hayo mimi hupanda basi la Malaba hadi Mombasa kwa shemeji yangu, na mshipi haukosi kwenye begi. Najua humu tuko wengi wa namna hiyo. Tupeane uzoefu, naanza mimi.

Huko wakati huo ni tanga mbili: upepo wa kaskazi umekata, wa kusi haujashika, bahari imelala. Wenye vyombo vidogo hutoka nje ya mwamba bila hofu, maana kusi ikichachamaa watashinda ndani miezi mingi. Sisi wa nchi kavu tunavulia mawe na kingo za mikono ya bahari kama Mtwapa na Kilifi.

Kinachomshinda mtu wa ziwa ni maji yenyewe, samaki baadaye. Mwaka 2020 Nalubaale ilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, ikala nyumba na mashamba, lakini ilichukua miezi kufika pale. Bahari ya Mombasa siku za bamvua, yaani maji makubwa, inapanda zaidi ya mita 3 kwa saa sita tu, halafu inarudi ilikotoka. Jiwe ulilokalia asubuhi, alasiri halionekani. Na kila siku saa za maji zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo usiniulize "mnavua saa ngapi?" Uliza mwezi uko wapi.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndizo bamvua. Maji hukauka mnamo saa nne asubuhi, hujaa mnamo saa kumi jioni. Mimi natupa yakianza tu kujaa, kwa sababu kolekole huingia nayo kupitia mlango wa mwamba akifukuza vidagaa. Maji yakisimama, kunja mshipi ukanywe kahawa. Siku za maji mafu, yaani maji yasipopanda wala kushuka sana, changu bado anauma, hasa kwa chambo cha ngisi, ila kolekole usimpotezee muda.

Binti Bombo
Mzee, kumbe wao mwezi mpevu ndiyo kazi? Kwa mjomba wangu Kiyindi mukene, dagaa wetu wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wanaume wanashinda wakishona nyavu na kusumbua wake zao.

Mvuvi wa Masese
Wavuvi wa dagaa kwa taa huko pwani nao hupumzika mwezi ukiwaka, binti. Bamvua ni habari ya sisi wa mshipi.

Kijana wa Butiaba
Mimi natoka Ziwa Albert, kwetu kuna samaki aitwaye ngassa, na mwenye kumjua ngassa anajua meno. Hivyo nilipoenda Kilifi nilifunga waya mfupi mbele ya ndoana kama nyumbani. Jamaa niliokaa nao walicheka, wakasema kwa changu waya unamtisha samaki. Ni kweli, changu walinikwepa asubuhi nzima huku wenzangu wakijaza ndoo. Halafu mzia, samaki wa meno makali, wakapita. Nailoni za watu zikakatwa moja baada ya nyingine, kimya kimya, hata mtikisiko hakuna. Siku hizi nabeba mishipi miwili, mmoja una waya, mwingine hauna, na sibishani na mtu.

Jambo jingine ni chumvi. Ndoana niliyovulia Albert msimu mzima, baharini ilishika kutu kabla sijarudi Hoima. Kila jioni suuza vyombo kwa maji ya mtungi yasiyo na chumvi, hata kama umechoka.

Afande Mstaafu
Swali la sheria. Ziwani tunajua: mputa (sangara) chini ya inchi 20 na ngege (sato) chini ya inchi 11 hawaguswi, na tangu jeshi liingie majini 2017 hakuna wa kujifanya hajui. Pwani wanapima nini?

Mvuvi wa Masese
Afande, kwa mtu wa mshipi jambo la kwanza ni mahali. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari (marine parks) za Mombasa, Watamu, Malindi na Kisite kuvua ni marufuku kabisa, hata kwa uzi wa kushonea. Mipaka yake ina maboya, lakini maboya hayakuambii kitu ukiwa juu ya jiwe, kwa hiyo uliza BMU, chama cha wavuvi cha ufukwe ule, kabla hujatupa. Ndio wenye pwani yao, na ukisalimia vizuri watakuonyesha na mahali penye samaki.

Mama Samaki, Busia
Mimi sivui, mimi napika. Shemeji zangu walinipeleka kutoa samaki kwenye dema, ule mtego wao, nikamshika tafi kama ninavyoshika ngege, kwa mkono mtupu. Wanawake, miiba ya tafi ina sumu! Mkono uliwaka mpaka kwenye kwapa. Bibi mmoja aliniwekea maji ya moto, moto wa kuvumilika, nikatumbukiza mkono humo, maumivu yakalegea. Baadaye nilimla tafi huyohuyo kwa nazi na ndimu na kwa kweli alinilipa.

Na kwa wanaouliza kila mara: ndiyo, samaki wa baharini naye anatiwa chumvi.

Kijana wa Butiaba
Mama umenikumbusha bunju. Ukivua samaki anajivimbisha kama mpira, mrudishe majini. Usimpike, usimpe paka. Sumu yake haitoki kwa moto wala kwa ndimu.

Binti Bombo
Basi na mimi mwaka huu naenda. Nikibeba mukene mkavu wa Kiyindi, unafaa kuwa chambo?

Mvuvi wa Masese
Kwenye ndoana atavunjika kabla hujatupa. Mtwange, umfunge kwenye kipande cha neti pamoja na kijiwe, umshushe karibu na mshipi wako, harufu iite. Ndoanani weka ngisi. Na ubebe wa ziada, maana shemeji yangu akiuona mukene huo hautafika baharini.