Mahakama Kongwe ya St. Louis: je, chumba cha kesi ya Dred Scott kingalipo?

Msomaji: Ndugu zangu, nafahamu kwamba Dred Scott na mkewe Harriet, waliokuwa watumwa, walifungua madai ya uhuru wao mwaka 1846 katika mahakama ya St. Louis, Missouri. Picha za jengo hilo huonyesha kuba kubwa juu yake. Je, ndivyo lilivyokuwa siku za kesi, na chumba chenyewe kingalipo?

Mpenda Majengo: Ndugu Msomaji, yote mawili hapana. Auguste Chouteau na John Lucas walitoa kiwanja mwaka 1816 kwa sharti kwamba kitumike daima kwa mahakama ya kaunti, na jengo la kwanza la matofali likakamilika mwaka 1828. Watu walipozidi mjini, jengo kubwa zaidi lilianza kujengwa mwaka 1839, lile la awali likiunganishwa nalo upande wa mashariki hadi lilipobomolewa mwaka 1851. Kuba la chuma, kazi ya William Rumbold, lilimalizika mwaka 1862, ilhali Scott alifariki mwaka 1858. Chumba cha kesi kilikuwa upande wa magharibi, ghorofa ya chini, lakini katika miaka ya 1850 kilikatwa na ujia ili kuta zake zihimili sakafu ya juu. Kwa maoni yangu mgeni aanzie kwenye ujia huo kabla ya kutazama kuba.

Bi Sheria: Naomba niongeze upande wa kesi. Mwaka 1847 walishindwa kwa sababu ushahidi muhimu ulikuwa wa kusikia tu. Mwaka 1850 jopo la raia likawapa uhuru. Mwaka 1852 Mahakama Kuu ya Missouri ikaupokonya, na ile ya Marekani ikatamka mwaka 1857 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Miezi michache baadaye Taylor Blow, mwana wa bwana wa zamani wa Scott, aliwaachia huru rasmi katika jengo hilohilo. Tusisahau pia kwamba kwenye ngazi zake watumwa walinadiwa pamoja na mali nyingine za marehemu, kwa amri ya mahakama. Hilo linaniuma kuliko hukumu yenyewe.

Mpenda Majengo: Ni kweli, Bi Sheria. Kuhusu kiwanja, mji ulijitenga na kaunti katika miaka ya 1870, na mahakama zilipohamia jengo jipya mwaka 1930, wazao wa Chouteau na Lucas walikwenda kortini kudai warudishiwe ardhi, kwa kuwa haikutumika tena kwa mahakama. Hawakuipata, na mwaka 1940 jengo likaingizwa katika eneo la kumbukumbu la serikali ya shirikisho.