Sauti ya Molly O'Day katika kikundi cha ukoo

Dada Mkubwa: Shikamooni wazee wangu. Mjomba, wimbo uliotutumia jana usiku nimeusikiliza mara tatu nikiwa jikoni, na mara mbili za kwanza nilidhani anayeimba ni mwanamume. Ni nani huyu, na imekuwaje sisi tuliolelewa na Jim Reeves kila Jumapili asubuhi tusimjue?

Mjomba: Marahaba, mpwa wangu. Huyo ni mwanamke, na alipourekodi wimbo huo alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Anaitwa Molly O'Day, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ingawa hilo ni jina la jukwaani. Wazazi wake walimpa jina la Lois LaVerne Williamson, naye alizaliwa mwaka 1923 katika wilaya ya Pike, mashariki mwa Kentucky, baba yake akiwa mchimba makaa ya mawe. Alianza kuimba redioni akiwa msichana, pamoja na kaka yake aliyepiga fidla, na kabla ya kuitwa Molly alikwisha kujiita Mountain Fern, kisha Dixie Lee, jina ambalo ilimbidi aliache kwa sababu kulikuwa na mwimbaji mwingine aliyelitumia.

Mama Mdogo: Majina matatu kabla hajafika popote! Na wimbo wenyewe unasema nini, Mjomba? Nimesikia Lazaro akitajwa, mengine yamenipita.

Mjomba: Unaitwa "Tramp on the Street", na ulitungwa na Grady na Hazel Cole. Unaanza na Lazaro wa Luka 16, yule maskini aliyelala mlangoni kwa tajiri akitamani makombo, akaachwa afe kama hohehahe wa barabarani, halafu unahamia kwa Yesu mwenyewe, ukiuliza ni nani angemfungulia mlango iwapo angebisha hodi leo. Molly alifundishwa wimbo huo na kijana mwembamba wa Alabama ambaye wakati huo hakujulikana nje ya kwao, naye ni Hank Williams, aliyekuja kuwa nyota wa kantri. Ndio wimbo uliomfanya Fred Rose, mchapishaji wa nyimbo wa Nashville, amtafutie mkataba na kampuni ya kurekodi muziki ya Columbia, na mwezi Desemba 1946 akaingia studio mjini Chicago pamoja na mumewe Lynn Davis na bendi yao, Cumberland Mountain Folks. Kijana aliyepiga besi siku hiyo alikuwa Mac Wiseman, ambaye baadaye alipata umaarufu kuliko bosi wake.

Kitinda Mimba: Shikamoo Mjomba. Kwa hiyo aliimba nyimbo za Hank Williams kabla dunia haijamjua Hank?

Mjomba: Marahaba. Ndiyo, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kurekodi tungo zake, na hilo ni jambo ambalo wapenzi wengi wa Hank hawalijui hadi leo. Ila mimi simpendi kwa ajili ya Hank. Sikiliza "The Drunken Driver": dereva mlevi anawagonga watoto wawili njiani, na anaposhuka kutazama anagundua kwamba ni wanawe mwenyewe. Molly hatii madoido yoyote, halii wala hanong'oni. Anaimba kwa sauti ileile ya kifua, kama shahidi anayetoa maelezo mbele ya hakimu. Mara ya kwanza nilipousikia nilikuwa ndani ya matatu, nikajikuta namtazama dereva.

Mama Mdogo: Huo usiutume kabla sijalala, tafadhali.

Kitinda Mimba: Mwenye sauti ya namna hiyo alipoteaje basi?

Mjomba: Hakupotea, aliondoka. Kufikia mwaka 1950 yeye na mumewe walikuwa wameokoka, wakaona kwamba maonyesho na injili haviendi pamoja. Kikao chake cha mwisho na Columbia kilikuwa mwaka 1951, na jumla ya nyimbo alizowaachia ni 36. Baada ya hapo walihubiri katika vijiji vya wachimba makaa ya mawe, watu wa aina ya baba yake, na mumewe akawa mchungaji wa kanisa liitwalo Church of God.

Kitinda Mimba: Samahani Mjomba, lakini mtu aliyeacha soko kwa hiari yake hawezi kulalamika kwamba soko limemsahau.

Mjomba: Yeye hakulalamika. Mlalamikaji ni mimi. Nashville ina jumba la heshima la muziki wa kantri, na jina lake halimo, ilhali wapo walioingia ambao sauti zao ukiziweka kando ya yake zinakuwa maji ya kuoshea mchele. Kuondoka kwake hakukufuta alichokwisha kuimba.

Shangazi: Hamjambo nyote. Nimewasoma kimya kimya tangu asubuhi. Mwaka 1952, kama sikosei, mama huyo aliugua kifua kikuu?

Mjomba: Hukosei, Shangazi. Alikatwa sehemu ya pafu.

Shangazi: Wadi ya kifua kikuu nimeifanyia kazi miaka 11, na wagonjwa wazee waliopasuliwa zamani niliwahudumia, utamwona mtu anasimama katikati ya sentensi kutafuta hewa. Je, aliimba tena baada ya hapo?

Mjomba: Aliimba. Katika miaka ya 1960 alirekodi nyimbo za dini kwa kampuni ndogondogo, na miaka ya 1970 yeye na mumewe walikuwa na kipindi cha nyimbo za Kikristo katika redio ya Huntington, West Virginia, ambako ndiko alikofariki kwa saratani mwezi Desemba 1987. Nimekutumia sasa hivi mmoja wa miaka ya 1960, uulinganishe na ule wa 1946.

Shangazi: Nimesikiliza yote miwili. Katika ule wa 1946 anaumaliza mstari mrefu kwa pumzi moja, na gita la kuteleza linabaki nyuma likimsubiri. Katika huu anaukata mstari mahali pawili, lakini kila mara anakata penye mkato wa maneno, kiasi kwamba asiyejua atadhani wimbo ulitungwa hivyo. Mjomba, nitumie mingine ya miaka hiyo. Ya 1946 mpe Kitinda Mimba.