Kadi za badala katika Magic: The Gathering Arena: nizitumie wapi?

Mgeni wa Arena aliuliza:

Habari zenu wadau. Nilijifunza Magic, mchezo wa kadi wa kupambana na mpinzani, kwa kadi za karatasi nilipokuwa masomoni Ujerumani, ambako tulikuwa tukikaa mezani jioni nzima, tukicheza na kubadilishana kadi. Tangu nirudi Dodoma sina wa kucheza naye, kwa hiyo nimehamia Arena, toleo lake la mtandaoni. Sheria sijazisahau, kinachonishinda ni kujenga deki, yaani rundo la kadi za kuchezea. Kule mezani, kadi isiyonifaa nilimpa mwenzangu naye akanipa niliyoihitaji, lakini humu hakuna kubadilishana kabisa, na njia ya uhakika ya kupata kadi fulani ni kutumia zile kadi za badala, ambazo kila moja hugeuzwa kuwa kadi yoyote ya daraja lake. Nilikuwa nazo nane za daraja la adimu. Nne nimezimaliza kwa pupa, nikachukua nakala nne za joka moja lililonipendeza, na bado deki yangu ya rangi mbili inashindwa karibu kila siku. Hizi nne zilizobaki nizitumie kwa viumbe wenye nguvu, au kwa ardhi, zile kadi za kulipia kadi nyingine, zinazotoa rangi mbili?

Mzee wa Turufu alijibu:

Ndugu yangu, kwa sasa usizitumie kabisa. Jenga kwanza deki ya rangi moja, na mimi ningechagua nyekundu, kwa sababu ardhi yake ya kawaida, Mountain, ni ya bure humu, na viumbe wadogo wa haraka pamoja na kadi za kuchoma, zinazompunguzia mpinzani uhai, wengi wao ni wa daraja la chini. Deki hiyo haitakufikisha kileleni, lakini michezo yake huisha upesi, na ukicheza mingi unamaliza upesi majukumu ya kila siku yanayolipa dhahabu 500 au 750, fedha ya humu mchezoni.

Kuhusu swali lako lenyewe, wakati utakapofika, chagua ardhi. Kiumbe anayetamba leo katika Standard, mfumo unaoruhusu kadi za karibuni tu, ataondoka seti yake, yaani kundi la kadi alilotoka nalo, itakapostaafishwa, ambapo kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2023 seti hukaa takribani miaka mitatu, na huko nje ya Standard mara nyingi atakuta wenye nguvu kumzidi. Ardhi kama Steam Vents, inayotoa buluu au nyekundu na kuingia mezani ikiwa tayari kutumika ukikubali kupoteza uhai 2, itakufaa katika kila deki ya rangi hizo, hata katika Historic, mfumo ambako kadi hazistaafu. Nimecheza tangu toleo la majaribio la mwaka 2018, na sijawahi kujutia kadi ya badala niliyoitumia kwa ardhi.

Binti wa Pwani alijibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu ardhi, ila dhahabu hiyo asiambiwe aipeleke dukani. Pakiti moja ni dhahabu 1,000, na kwa dhahabu 5,000, ambazo majukumu peke yake yatakupa ndani ya siku saba hadi kumi, unaweza kuingia Quick Draft, aina ya shindano la humu. Humo unachagua kadi moja moja kutoka pakiti tatu, unajenga deki ya kadi 40, na unacheza hadi ushinde mara 7 au ushindwe mara 3. Kila kadi uliyochagua inabaki kuwa yako. Ukishinda zote saba unapata vito 950, vito vikiwa fedha ya pili ya humu, wakati kiingilio kwa vito ni 750, kwa hiyo unaingia tena bila kugusa dhahabu. Wewe uliyezoea kadi za karatasi una faida kubwa hapa, kwani kinachoamua ni uchaguzi na uchezaji, na mwenye mkusanyiko mkubwa hana cha kukuzidi.

Mgeni wa Arena aliandika:

Ahsanteni sana. Nitaanza na nyekundu leo hii. Swali dogo: nimeona deki za namna hiyo zenye ardhi 20 tu kati ya kadi 60. Mezani nisingethubutu kwenda chini ya 22. Je, ni salama?

Mzee wa Turufu alijibu:

Ni salama katika mchezo mmoja mmoja, kwa sababu huko mfumo huchanganya mikono kadhaa ya kuanzia, yaani kadi za kwanza unazoshika, bila wewe kuiona, kisha hukupa ule ambao uwiano wake wa ardhi unakaribiana zaidi na uwiano wa deki yako. Msaada huo ni wa mkono wa kwanza tu. Kadi unazovuta baadaye ni za bahati yako. Katika michezo ya kushinda miwili kati ya mitatu msaada huo haupo kabisa, kwa hiyo utakapohamia huko, zirudishe zile Mountain mbili.