Katoa RULA mbele ya watu akaupima mti wangu wa bonsai, ile miti midogo ya kwenye chungu!!

Wakuu nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Yule jaji, mnamjua, sitaji jina, leo kafika kwenye meza yangu ya maonyesho akachomoa rula. Rula jamani! Kaibandika kwenye shina la juniperi yangu watu wamejaa, eti urefu unatakiwa uwe mara 6 ya unene wa shina, huu umepitiliza, tawi la kwanza limevuka theluthi ya urefu, chungu kidogo mno, "hiki ni kijiti kwenye bakuli". Sasa mti wenyewe ni bunjin! Shina jembamba lililopinda, matawi machache kule juu kabisa, chungu kidogo cha duara, ndo mtindo wenyewe, unaupimaje kwa kanuni za moyogi, ule mtindo wa shina lililosimama kwa mawimbi, si sawa na kumlaumu twiga kwa shingo? Na rula bado kaishika. Hakuinama hata kidogo kuona ile "shari" nilivyoichonga, yaani mbao mfu nyeupe ya kwenye shina inapanda na mshipa hai umeizunguka mpaka kwenye tawi la mwisho, yeye anasaka sentimita tu. Huyo akikutana na msitu mzima ataufelisha wote. Kimura, yule fundi bonsai wa Japani, alivyoanza kuchonga kwa mashine si walimkunjia sura hivihivi, leo wanamwita bingwa. Rula!!

> Pole mkuu. Mimi huyohuyo aliniambia msitu, yaani bonsai ya miti mingi kwenye chungu kimoja, lazima uwe na idadi witiri, nilipanda miti 8 akataka ning'oe mmoja palepale.

>> Lakini Goshin, ule msitu maarufu wa bonsai wa John Naka, ina miti 11, witiri hiyo, jaji hajakosea hapo.

> Mleta uzi acha kulia lia. Bunjin ndo kichaka cha wote mlioshindwa kunenepesha shina. Weka picha.

>> Picha aweke wapi, anaogopa rula 😂😂

> Rula ina nafuu, haiachi kovu. Mimi kuna mtu nilimwachia mti wangu, waya wa kukunjia matawi kauacha mpaka ukazama kwenye gome.

>> Waya gani, alumini au shaba?

>> Shaba. Kwenye mepo (maple) ya Kijapani.

>> SHABA KWENYE MEPO??? Gome laini vile? Huyo ashtakiwe

>> Ndo walewale wanafungia juniperi sebuleni mwaka mzima halafu wanauliza mbona imekauka

>> Sebuleni tena? Mkuu huo fungulia uzi wake, mimi nina la kusema hapo